Vyombo Vilivyoachwa na Mpangaji

Mwenye nyumba akipata amri ya mahakama ya kumwondoa mpangaji, hurudishiwa nyumba yake. Lakini amri hiyo haimpi vyombo vilivyomo ndani. Kitanda, sufuria na sanduku hubaki mali ya mpangaji, hata kama amekawia kulipa kodi ya miezi mingi. Watu wengi hawalifahamu jambo hili, na kutofahamu huko huleta mashtaka na uadui.

Chukua mfano wa fundi wa nguo aliyepanga chumba mjini Nairobi. Siku ya kuondolewa, fundi yuko kwao Busia akimwuguza baba yake. Chumbani mna godoro, cherehani na sanduku la bati. Mwenye nyumba, kwa hasira, aweza kuvitupa vyote nje mvuani, au kumwuzia jirani cherehani ile ili apate kodi yake. Akifanya hivyo, yeye aliyekuwa akidai atageuka kuwa mdaiwa. Tena huenda sandukuni mna vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Cherehani hununuliwa nyingine, lakini cheti kilicholowa hakisomeki.

Njia iliyo salama ni hii:

Kwanza, aite mashahidi wawili wasio jamaa zake, na mmoja afadhali awe mzee wa mtaa. Mbele yao kila kitu kiandikwe pamoja na hali yake, kwa nakala mbili, na wote watie sahihi. Sanduku lenye kufuli lisivunjwe, bali liandikwe kama lilivyo.

Pili, vyombo viwekwe mahali pakavu panapofungwa. Chakula kinachooza kitupwe mbele ya mashahidi.

Tatu, mpangaji apelekewe barua ya kumjulisha vyombo vilipo na siku za kuja kuvichukua. Nakala ya barua ihifadhiwe.

Nne, mpangaji akija, apewe vyote kwa kufuata orodha, naye atie sahihi kuwa amevipokea. Asipokuja, mwenye nyumba asiviuze kwa shauri lake mwenyewe, bali arudi mahakamani kuomba amri.

Deni la kodi ni shauri jingine. Sheria ya Kenya ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, imeweka njia yake, lakini kazi hiyo ni ya dalali mwenye leseni. Haifanywi na mwenye nyumba, wala na vijana aliowakodi.

Hata watu wanaoondolewa katika ardhi wasiyo na haki nayo hawakusahauliwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, yaagiza kwamba mali waliyoiacha bila kupenda ilindwe isiharibiwe. Isiyochukuliwa na mwenyewe haiondolewi wala kuuzwa kwa mnada wa hadhara kabla ya siku 7 kupita. Ikiwa mtu asiye na haki ya kukaa mahali amelindiwa mali yake, mpangaji aliyekuwa akilipa kodi hastahili kutendewa vibaya zaidi.

Mpangaji naye ana wajibu wake. Akisafiri, amwachie mtu mwaminifu anwani yake, na vyeti asiviache nyuma.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja yenye sahihi huwaepusha wote wawili na kesi ya miaka.