KUISHI UKUTA KWA UKUTA
Somo la vikundi: Kelele za majirani katika ploti na katika ghorofa



Siku hizi vikundi vingi vinaweka pesa za mzunguko vikiwa na shabaha moja: kujenga nyumba za kupangisha pale sokoni Sondu. Ni mpango mzuri, kwa kuwa kodi ya nyumba huja kila mwezi hata mvua isiponyesha. Lakini anayejenga nyumba za kupangisha anawaweka pamoja watu ambao hawakuchaguana. Na wengi wetu tumetoka bomani, ambako nyumba ya jirani iko ng'ambo ya shamba la mahindi, tukaja kuishi mahali ambapo unasikia jirani akikoroga chai.

Kelele inaonekana ni jambo dogo, lakini mwulize muuguzi aliyetoka zamu ya usiku. Mwulize mtoto wa kidato cha nne anayejiandaa kwa mtihani, au mama aliye na mgonjwa ndani. Tena hapa kwetu mpakani kuna hatari nyingine. Redio ikipiga usiku kucha, mtu hasemi "kijana yule", anasema "watu wale". Mapigano ya mwaka wa 2023 hatujayasahau. Tusikubali ugomvi wa redio ugeuke kuwa ugomvi wa makabila.

Neno kuu la somo hili ni moja: KABLA YA KUMLAUMU JIRANI, TAFUTA NJIA AMBAYO KELELE INAPITIA. Mara nyingi utakuta sehemu ya kosa ni ya jengo. Hiyo ya jengo inaweza kurekebishwa, na hiyo ya jirani inaweza kuzungumzwa.

A. TUONE: KELELE INAPITIA WAPI?

Sauti ina njia mbili. Ya kwanza ni hewa. Mtu akiongea, sauti inasafiri na hewa mpaka ipate tundu, hata dogo. Kumbukeni hivi: hewa ikipita, sauti inapita. Njia ya pili ni jengo lenyewe. Ukigonga sakafu, simiti inatikisika, na mtikisiko unatokea upande wa pili ukiwa sauti.

Katika ploti. Hizi ni nyumba za laini, chumba kando ya chumba, chini ya paa moja la mabati. Uzuri wake ni kwamba hakuna mtu anayetembea juu ya kichwa chako. Majirani wa ukuta ni wawili tu, kushoto na kulia. Shida kubwa iko juu. Mara nyingi fundi husimamisha ukuta wa kugawanya vyumba usawa wa ukuta wa nje, kisha anaweka mabati. Kati ya ukuta na mabati panabaki nafasi inayopita juu ya vyumba vyote. Mtu wa chumba cha kwanza akikohoa, wa chumba cha tano anamwambia pole! Silingi nyembamba inapunguza kidogo tu. Halafu kuna ua: bomba moja, choo kimoja, ndoo na mazungumzo kuanzia alfajiri.

Katika ghorofa. Hapa slabu ya simiti ni nzito, na kitu kizito huzuia sauti za kuongea vizuri. Lakini slabu hiyo hiyo inapitisha mishindo: viatu, viti vinavyokokotwa, watoto wanaoruka, kinu cha kutwangia. Jirani sasa wako pande nne, yaani kushoto, kulia, juu na chini. Ngazi na ukumbi mrefu zinarudisha sauti kama pango. Na mara nyingi chini ni duka, baa au posho mili.

Kuna namna ya tatu inayoonekana mijini kama Kisumu, yaani mezoneti: nyumba zilizoungana ubavuni, kila moja ikiwa na ngazi yake ndani. Huko mishindo ya juu ni ya watoto wako mwenyewe. Kinachobaki ni ukuta wa pamoja tu. Mezoneti ni kama ploti iliyojengwa vizuri, na hiyo inatufundisha kwamba nyumba za kuungana si lazima ziwe za kelele. Kinachoamua ni ule ukuta.

B. TUPIME: NI KELELE YA NAMNA GANI?

Si kila sauti ni kosa. Tuzitenganishe.

1. Sauti za maisha. Mtoto mchanga analia, mtu anakohoa, mvua inapiga mabati. Hizi tunavumiliana.

2. Sauti za wakati maalum. Matanga, harusi, kesha. Hizi zina siku zake, na jirani akiambiwa mapema hujiandaa. Shida ni pale vipaza sauti vinapofunguliwa kuelekea nyumba za watu mpaka asubuhi. Sisi wa makanisa tusijitoe hapa.

3. Sauti za uzembe na za biashara. Wufa kila usiku, jenereta chini ya dirisha, baa inayocheza muziki nje. Hizi ndizo za kushughulikia.

4. Sauti ya mtu anayehitaji kuokolewa. Mama anapigwa, mtoto analia kilio ambacho si cha kawaida. Hiyo usiiite kelele, na usiongeze redio ili usiisikie. Ita majirani, mgonge mlango mkiwa wengi, piga simu. Simu ya watoto ni 116, na ya ukatili wa kijinsia ni 1195. Zote mbili ni za bure. Ukuta mwembamba umeokoa watu.

Sheria inasema nini? Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Katiba hiyo pia imeikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti kelele. Kanuni za kelele za mwaka wa 2009, zilizotolewa chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka wa 1999, ziliweka vipimo kwa desibeli. Nje ya nyumba za kuishi ni 50 mchana na 35 usiku. Mahali penye nyumba na biashara pamoja ni 55 mchana, lakini usiku ni 35 ile ile. Mahali pa ibada ni 40 mchana na 35 usiku. Kwa kanuni hizo usiku unaanza baada ya saa 2 jioni, unaisha saa 12 asubuhi. Wengi wanadhani ni saa 4. Sivyo.

Desibeli ni nini? Mnong'ono ni karibu 30, mazungumzo ya kawaida ni karibu 60. Kila zikiongezeka 10, sikio linasikia kama sauti imekuwa maradufu. Basi 35 ni kimya kweli kweli. Sisi hatuna mashine ya kupimia, lakini kikundi kinaweza kukubaliana kipimo chake. Kwa mfano: mlango wangu ukiwa umefungwa usiku, nikiyasikia maneno ya wimbo wako, umezidisha.

C. TUTENDE

Kwa kikundi kinachojenga. Pandisheni kila ukuta wa kugawanya mpaka uguse mabati, na mzibe kwa simiti zile nafasi za mawimbi ya bati. Tufanye hesabu. Chukua laini ya vyumba 10, kila ukuta wa kugawanya una upana wa mita 3, na paa linapanda mita 1 katikati. Pembetatu iliyoachwa wazi juu ya ukuta mmoja ni nusu ya 3 mara 1, yaani mita mraba 1.5. Vyumba 10 vina kuta za kugawanya 9. Jumla ni mita mraba 13.5. Sasa ukuta mmoja kamili wa mita 3 kwa mita 2 na nusu ni mita mraba 7.5. Kumbe kuziba laini nzima hakufikii matofali ya kuta mbili za chumba! Na faida si ya kelele tu. Moto ukishika chumba kimoja haupiti haraka juu ya vyumba vingine, na mwizi hapandi silingi akashukia kwa jirani.

Mengine ya kumwambia fundi:
- Tumieni tofali au jiwe zito kwa ukuta wa pamoja, na mpige plasta pande zote mbili. Plasta inaziba vitundu.
- Msiweke soketi mbili mgongo kwa mgongo katika ukuta huo. Hapo ukuta unabaki mwembamba.
- Pangeni sebule ielekeane na sebule, chumba cha kulala na chumba cha kulala.
- Mkijenga ghorofa, msipangishe chini kwa baa au posho mili halafu juu kwa watu wa kulala. Kodi ya baa ni kubwa, lakini wapangaji wa juu watahama.

Kwa mpangaji. Hamisha kitanda kutoka ukuta wa pamoja, weka kabati hapo. Ziba nafasi chini ya mlango kwa kitambaa kilichokunjwa. Ghorofani, tandika mkeka mzito au kapeti, vika miguu ya viti vipande vya ndala za zamani, na kinu ukitumie chini uani. Wufa isikae sakafuni wala isiguse ukuta. Trei za mayai ambazo vijana wanabandika ukutani hazizuii sauti kupita, tena zinashika moto upesi.

ANGALIENI SANA: Msizibe matundu ya hewa ya ukuta wa nje, na msifunge nyumba yote wakati jiko la makaa linawaka ndani. Hewa ya makaa haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala. Zibeni ukuta wa kugawanya tu.

Kwa kuzungumza. Nenda mwenyewe, asubuhi, si usiku ukiwa na hasira. Usimtume mtoto, na usipige ukuta. Watu wawili wa kikundi waigize mchezo huu:

MAMA WA CHUMBA CHA 4: Kijana wangu, umeamkaje?
KIJANA WA CHUMBA CHA 5: Vizuri, mama. Karibu.
MAMA: Nimekuja tuongee kidogo, si kwa ubaya. Usiku sikulala.
KIJANA: Ni ile redio?
MAMA: Ni mshindo wake. Maneno siyasikii, lakini kitanda kinatingishika. Hiyo wufa umeiweka wapi?
KIJANA: Chini, kwa hiyo kona ya ukuta wako.
MAMA: Ungeihamisha upande ule mwingine, uweke kipande cha godoro chini yake? Na usiku uipunguze, maana saa 10 alfajiri naamka kwenda kupokea mananasi.
KIJANA: Hiyo naweza. Lakini na mimi nina ombi, mama. Kinu chako Jumapili asubuhi kinanigonga kichwani.
MAMA (anacheka): Basi nitakitoa uani.

Mnaona? Hakuna aliyesema "ninyi watu". Walizungumza juu ya wufa na kinu.

Kama hasikii. Fuateni ngazi: kwanza mwenye ploti au mwangalizi wake, kisha mzee wa mtaa au Nyumba Kumi, kisha naibu wa chifu, na mwisho ofisi ya mazingira ya kaunti, NEMA au polisi. Andikeni tarehe na saa za kelele. Hapa Sondu, jueni kwanza ploti iko upande gani: Nyakach katika kaunti ya Kisumu, au upande wa Kericho. Na kama wanaogombana ni wa jamii mbili, wazee wa pande zote mbili wakae pamoja tangu siku ya kwanza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika ploti unayoishi au unayoijua, kelele inapitia wapi? Nendeni mkaangalie juu ya ukuta.
2. Ni sauti gani tunazovumilia kwa sababu tunamwogopa mwenye nazo?
3. Je, sisi wenyewe tunatoa kelele gani, na nani amewahi kutuambia?
4. Kama kikundi chetu kinajenga, nani atamwambia fundi apandishe ukuta kabla mabati hayajapigwa misumari?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: kila mmoja amtembelee jirani wa ukuta, amwulize swali moja tu: "Je, kuna sauti ya kwangu inayokusumbua?" Asikilize bila kujitetea, kisha alete jibu katika kikundi.