Tobiti aliandikishana: somo kwa kijana mwenye biashara ndogo



Vijana wapendwa, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Dada yangu anapika chakula cha sherehe: kipaimara, komunyo ya kwanza, send-off. Mtaji wake ni masufuria makubwa, friza moja na mkopo wa VICOBA. Likizo iliyopita nikiwa nyumbani, alipata oda ya watu 120 kutoka kwa mtu tunayesali naye. Walikubaliana kwa mdomo, sahani shilingi 8,000. Dada akataka kuomba nusu kwanza. Mimi, frateri niliyemaliza falsafa, nikamwambia, "Dada, huyu ni mtu wa kanisani. Ukimdai advansi utaonekana humwamini. Pika tu."

Akapika. Watu wakala, wakashukuru, tukaimba. Baada ya sherehe mwenye shughuli akatuma 150,000, akasema nyingine kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Tulipomfuata akasema, "Mbona tulikubaliana 6,000?" Hata hiyo ya 6,000 hakuikamilisha. Hatukuwa na karatasi, hatukuwa na meseji, shahidi alikuwa mimi peke yangu. VICOBA haisubiri, kwa hiyo dada akauza friza. Mimi nikarudi seminari, nikala chakula nilichopikiwa.

Tangu hapo nimekuwa na swali moja: je, Mkristo akidai maandishi na malipo ya awali, amepungukiwa upendo? Jibu nililipata katika kitabu ambacho wengi wetu tunakiruka, Kitabu cha Tobiti.

Mtu wa sadaka, na mtu wa hati

Tobiti alikuwa Mwisraeli aliyepelekwa uhamishoni Ninawi. Sote tunamjua kwa matendo ya huruma: aliwapa wenye njaa chakula, aliwavika walio uchi, aliwazika wafu waliotupwa nje. Kwa ukarimu, huyu alitupita mbali.

Sasa sikia. Mtu huyuhuyu aliweka talanta kumi za fedha kwa ndugu mmoja aitwaye Gabaeli, huko Media. Na hakuziacha hivihivi. Sura ya 5 inaeleza kwamba waliandikishana, hati ikagawanywa vipande viwili, kila mmoja akabaki na chake. Miaka ishirini ikapita. Tobiti akawa kipofu na maskini, akamtuma mwanawe Tobia akazidai. Katika sura ya 9 Rafaeli anafika kwa Gabaeli, anatoa hati, na Gabaeli anahesabu mifuko ya fedha mihuri ikiwa haijaguswa. Hakukuwa na kelele wala "mbona tulikubaliana vingine". Hati ilikumbuka kwa niaba ya wote wawili.

Ona tofauti. Alipompa mwenye njaa mkate, Tobiti hakumwandikisha, maana ile ilikuwa sadaka. Alipoweka fedha aliandikishana, maana ile ilikuwa amana. Hapo ndipo nilipokosea mimi: nilichanganya vitu viwili. Sadaka ni kile unachokitoa ukijua unakitoa. Anayechukua kazi yako halafu asilipe hakukuomba sadaka, amekuibia. Dada yangu hakumsaidia mtu siku ile. Alinyang'anywa, na mimi nikauita unyang'anyi ule upendo.

Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na Mtakatifu Thoma wa Akwino, anapochambua fadhila ya busara, anahesabu ndani yake kumbukumbu, kuona mbele na kujihadhari. Kwa hiyo kujihadhari ni sehemu ya fadhila. Bwana wetu naye, alipowatuma wanafunzi kama kondoo kati ya mbwa mwitu, aliwadai vyote viwili, busara ya nyoka na unyofu wa njiwa (Mt 10:16). Wengi wetu tumechukua ya njiwa tu.

Tufanyeje basi?

Nimekaa na dada tukayaandika haya. Yafaa kwa mpishi, mpiga picha, fundi nguo, MC, mpambaji, hata anayekodisha viti na turubai.

*Mfahamu anayekupa oda.* Tobia alipompata mwenzi wa safari, Tobiti alimuuliza yule kijana kabila lake na ukoo wake kabla ya kumwajiri, na kumbe alikuwa akimhoji malaika! Malaika hakukasirika, alijibu. Mteja mwema naye hakasiriki ukimuuliza jina kamili, mahali pa sherehe na mtu wa pili wa kuwasiliana naye. Ukumbi nao ukiupigia simu watakuambia kama tarehe hiyo ipo kweli.

*Taja bei mapema, uiandike.* Tobiti alimtajia Rafaeli ujira kabla ya safari: drakma moja kwa siku, pamoja na matumizi. Wewe andika kazi ni nini, watu wangapi, bei, tarehe, advansi kiasi gani, na ikiahirishwa itakuwaje. Dada ana kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni: ya juu anachukua mteja, ya chini inabaki kwake. Ndiyo ile hati ya vipande viwili! Kama mmeongea kwa simu, tuma meseji ya muhtasari na umwombe ajibu "nimekubali". Usiifute. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na meseji zinaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi.

*Advansi kabla ya kuwasha moto.* Angalau igharamie vitu utakavyonunua. Asipolipa salio, utapoteza jasho lako, lakini mtaji wa VICOBA utabaki. Tarehe ihesabike imeshikwa pale advansi inapoingia, si pale mtu anaposema "niandike mimi".

*Angalia salio, usiangalie meseji.* Matapeli hutuma meseji iliyoandikwa kama ya mtandao wa simu, kumbe imetoka kwenye namba ya mtu. Mteja akikuambia "nimeshatuma, angalia meseji", wewe fungua menyu uangalie salio lako. Akisema amezidisha kwa bahati mbaya na anataka urudishe haraka, usirudishe kwa mkono wako, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako. Meseji na namba za utapeli zitume kwenda 15040.

*Oda kubwa yenye haraka, simama kwanza.* Kuna mtindo huu: mtu anapiga, anasema yuko taasisi kubwa, anataka chakula cha watu mia tatu keshokutwa, bei hata habishani. Kisha anasema, "Kuna mzigo wetu uko kwa fulani, tulipie tu, tutakurudishia pamoja na hela ya chakula." Ukilipa, umelizwa. Mteja halisi anakulipa wewe. Hakutumi ukamlipie mtu mwingine.

*Asipolipa.* Nenda kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha na mashahidi wawili. Ni njia ya Mathayo 18. Mkishindwa, serikali ya mtaa ipo, na Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya namna hii. Kudai haki bila matusi si dhambi. Kusamehe chuki ni wajibu wako. Kusamehe deni ni zawadi, na zawadi hailazimishwi.

Hati ina vipande viwili

Lakini ndugu yangu, kipande kimoja cha hati kiko kwa mwenzako, nacho kinakudai wewe. Umepokea advansi, fika kwa wakati na ulete ulichoahidi. Kula advansi na kuzima simu ni wizi uleule. Katekisimu namba 2410 inafundisha kwamba ahadi zitimizwe na mikataba ishikwe, na hilo linatuhusu pande zote.

Na sisi ndio wateja pia. Kamati zetu za harusi zinajua kukodi muziki kwa maneno matamu. Kukopa harusi, kulipa matanga. Tobiti alimwonya mwanawe asilaze ujira wa mfanyakazi hata usiku mmoja (Tob 4:14). Yakobo mtume anasema ujira uliozuiliwa unalia, na kilio kimefika masikioni mwa Bwana (Yak 5:4). Kanisa linahesabu kuwadhulumu wafanyakazi ujira wao kati ya dhambi zinazomlilia Mungu (KKK 1867). Kwa hiyo ukijiandaa kuungama, usiishie kwenye hasira na uvivu. Jiulize pia: nani alinifanyia kazi sijamlipa?

Jambo la mwisho. Tobiti naye aliteleza. Mke wake Ana alikuwa akifuma nguo kwa ujira. Siku moja waliomwajiri wakampa ujira wote na mwanambuzi juu. Tobiti, kipofu, akasikia mbuzi analia, akamshutumu mkewe kuwa ameiba. Alikuwa amekosea kabisa. Kujihadhari kusipokuwa na upendo kunageuka kuwashuku watu wema. Kwa hiyo utaratibu wako uwe mmoja kwa wote, mgeni na mwanakwaya. Hapo hakuna anayetuhumiwa.

Deni la dada bado halijalipwa. Nilimwomba msamaha, akacheka, akasema, "Mdogo wangu, sala zako nazihitaji. Ushauri wa biashara, kwanza tuandikiane."

Ya kutafakari wiki hii

1. Kuna mtu ninayemdai lakini naona aibu kumkumbusha? Aibu hiyo inatoka wapi?
2. Kuna mtu ananidai? Nitamlipa lini? Andika tarehe.
3. Soma Tobiti sura ya 4 na ya 5.

Tusali. Ee Yesu, uliyeshika randa na msumeno katika karakana ya Yosefu, unajua jasho la kazi lilivyo. Walinde vijana wanaohangaika na mitaji midogo. Utupe busara tusidhulumiwe, na hofu yako tusidhulumu. Amina.