Somo la Mwezi: Swali la Mwajiri Kuhusu Jumapili

Soma kwanza: Kumbukumbu la Torati 5:12–15, Marko 2:23 hadi 3:6, Warumi 14:1–12.



Miezi michache iliyopita, baada ya Sala ya Jioni, binti mmoja wa mtaa wetu alinifuata akiwa na karatasi mkononi. Amesomea kazi ya mapokezi, naye alikuwa ameitwa kwenye usaili wa hoteli. Katika fomu aliyopewa palikuwa na swali: Je, uko tayari kufanya kazi siku yoyote ya juma, pamoja na Jumamosi na Jumapili? Chini yake visanduku viwili, Ndiyo na Hapana.

"Shikamoo Mwalimu," akasema. "Mama ananiambia niandike Ndiyo, halafu nikishaajiriwa ndipo niombe ruhusa. Wewe unasemaje?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba arudi kesho yake, nami nikaenda kusoma. Hayo niliyosoma ndiyo somo letu.

Amri ya kuiheshimu Sabato imeandikwa zaidi ya mara moja katika Torati. Katika Kutoka 20 sababu inayotolewa ni kwamba Mungu mwenyewe alipumzika baada ya kuumba. Katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni nyingine: Waisraeli walikuwa watumwa Misri, kwa hiyo mtumwa na mjakazi wao nao wapumzike sawasawa na bwana wao. Angalieni jambo hili, maana twalipita upesi. Sisi tumezoea kuihubiri amri hii kwa mfanyakazi, kana kwamba yeye tu ndiye anayekosea asipoonekana kanisani. Lakini anayesemeshwa pale ni mwenye nyumba, mwenye ng'ombe na punda, yaani mwajiri. Farao hakumpa mtu siku ya kupumzika. Wana wa Israeli wasiwe kama yeye.

Jambo la pili. Wakristo wa kwanza walikusanyika siku ya kwanza ya juma, siku ya Ufufuo, nayo haikuwa siku ya mapumziko katika dola ya Kirumi. Wengi wao walikuwa watumwa. Plinio, liwali wa Kirumi huko Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajani yapata mwaka 112 kwamba watu hawa hukutana kabla ya mapambazuko. Ilipofika mwaka 321 ndipo Kaisari Konstantino alipoagiza mahakimu na watu wa mijini wapumzike Jumapili, na hata hapo wakulima waliruhusiwa kuendelea na mashamba yao. Kwa hiyo Kanisa lilimwabudu Mungu karibu miaka 300 bila kupewa likizo na mtu yeyote.

Sisi tumeirithi Jumapili ikiwa tayari imefungiwa ofisi na shule, wala hatukuihangaikia. Waliohangaika ni wengine, na hapa sina budi kueleza kosa langu mwenyewe.

Katika miaka ya 1990 nilikuwa makamu wa mkuu katika shule moja ya bweni. Tulimtafuta mtunza stoo. Akaja kijana Msabato, ambaye hesabu zake zilikuwa safi kuliko za wenzake wote. Alisema wazi kwamba tangu jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi hafanyi kazi, ila Jumapili atafanya kutwa nzima. Mimi ndiye niliyesema, "Huyu atatusumbua." Tukamwajiri mwingine. Hakuna aliyeuliza kama chakula cha Jumamosi kingeweza kupimwa Ijumaa mchana. Baada ya miezi michache nilimkuta yule tuliyemwajiri akipima chakula cha siku mbili Ijumaa saa tisa, ili Jumamosi aende kwao. Stoo haikuharibika wala wanafunzi hawakulala njaa. Kijana yule sikumwona tena.

Leo sheria ya nchi yetu ingetuzuia kusema vile ovyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya dini, na inamhesabu pia mtu anayeomba kazi. Inaruhusu kumkataa mtu pale tu ambapo kazi yenyewe, kwa asili yake, inadai jambo asiloweza kulitimiza. Sheria hiyo hiyo inaweka kikomo cha siku sita na saa 45 za kawaida kwa juma, na kumpa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila juma. Akifanya kazi katika saa hizo kwa makubaliano, hulipwa mara mbili. Lakini haisemi kwamba saa hizo 24 ziwe Jumapili. Wengi wetu hatulijui hilo. Majirani zetu wa Kenya wameandika katika Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 32, kwamba uhuru wa dini unahusu pia kushika siku ya ibada, na kwamba mtu asinyimwe kazi kwa ajili ya imani yake.

Huko Marekani kulikuwa na shauri linalofanana na letu. Gerald Groff, Mkristo wa Pennsylvania, aliingia kazi ya posta mwaka 2012, wakati ambapo kwa kawaida hapakuwa na kazi ya Jumapili. Baadaye posta ikakubaliana na Amazon kupeleka vifurushi vyao Jumapili. Groff akahamia kituo kidogo cha posta ili aikwepe kazi ile, nayo ikamfuata huko. Zamu zake zikabebwa na wenzake, naye akaadhibiwa tena na tena, hata akajiuzulu mwaka 2019. Tangu shauri jingine la mwaka 1977, mwajiri wa kule alihesabiwa kuwa na haki ya kukataa hata kwa gharama ndogo tu. Tarehe 29 Juni 2023 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walisema hiyo haitoshi: lazima aonyeshe kwamba mzigo ni mkubwa kwa kadiri ya biashara yake. Kisha wakalirudisha shauri mahakama ya chini lipimwe upya.

Mimi namhurumia Groff. Nawafikiria pia wale waliopeleka vifurushi vyake. Huenda baadhi yao nao walikuwa na kanisa la kwenda.

Basi binti aliporudi tulitazama kazi yenyewe. Wageni hufika hotelini na kuondoka Jumapili kama siku nyingine, kwa hiyo lazima mtu awepo mapokezi. Sisemi kupokea masanduku ni sawa na kuponya mkono uliopooza, ila ni kazi halali. Kuweka alama kwenye Hapana kungeufunga mlango kabla ya mazungumzo. Kuweka alama kwenye Ndiyo huku moyoni anakusudia kutokwenda ni uongo, na atakayeadhibiwa kwa uongo huo ni mwenzake atakayeitwa ghafla kushika zamu.

Akaandika chini ya visanduku: Niko tayari kufanya kazi Jumapili kwa zamu. Inapowezekana naomba zamu yangu ya siku hiyo ianze saa nane mchana. Niko tayari kuwashikia zamu Waislamu siku za Idi na Ijumaa mchana. Nilimwambia pia ayaseme hayo kwa mdomo wake mbele ya wasaili, kwa adabu, asingoje wayagundue.

Kazi ile hakuipata. Hakuambiwa sababu, nami sitaki kuibuni. Mama yake alikuja nyumbani kwangu, akakaa, akasema, "Mwalimu, wewe una pensheni." Ni kweli, ninayo. Sikuwa na la kumjibu, na hadi leo salamu zetu ni fupi. Binti anaendelea kutuma maombi ya kazi, na bado anaandika maneno yale yale chini ya visanduku.

Kwa mkutano wa kikundi siku ya Jumatano, someni pia Nehemia 13:15–22, mtazame ni nani aliyefunga malango na ni nani aliyewekwa kuyalinda. Wenye maduka, vinyozi na wenye mama lishe walioajiri wasichana waje tafadhali, maana tunawahitaji zaidi kuliko sisi wastaafu. Tutazungumza habari za mlinzi wetu wa kanisani, ambaye kila Jumapili husimama getini akilinda baiskeli na pikipiki zetu tangu ibada ya kwanza hadi ya mwisho. Nimemwuliza anasali wapi. Akaniambia yeye ni Mwanglikana, na mara ya mwisho kupokea Komunyo ilikuwa Pasaka ya mwaka juzi. Halmashauri ya mtaa imekwisha kupewa habari, na jina langu limeandikwa kwa zamu ya getini Jumapili ya kwanza ya mwezi. Bado zimebaki Jumapili tatu, na mwezi mwingine nne.