Kijana na Upara: Je, Yafaa Kupandikiza Nywele?

Tumtwae kijana mmoja wa Matambarale, kule Ruangwa, mwenye umri wa miaka 23. Amevuna ufuta wake, umeuzwa mnadani, naye kwa mara ya kwanza maishani mwake ana fedha iliyo yake mwenyewe. Wazazi wake watumaini kwamba atafyatua matofali, ataezeka nyumba kwa bati, kisha atatafuta mchumba. Lakini moyo wa kijana uko kwingine. Tangu mwaka juzi nywele za mapanjani zamkimbia, paji la uso lazidi kupanda, na kila aendapo kwa kinyozi wenzake humwuliza kama leo atalipa nusu ya bei. Amepata habari kwamba Nairobi, na hasa Istanbul katika nchi ya Uturuki, wako madaktari watoao nywele kisogoni na kuzipanda mbele. Ataka kwenda. Na kama fedha ya ufuta haitoshi, amekwisha kupiga hesabu ya mikorosho michache ya nyumbani.

Vijana wa namna hii ni wengi nchini, wala si wa kusini peke yao. Maswali yao ni matatu: je, ni dhambi? je, ni salama? je, fedha itakuwa imetumika vema? Yastahili kujibiwa bila mzaha.

Twasema bila mzaha kwa kuwa wazee wengi wakisikia habari hii hucheka. Utani ni mali ya watu wa kusini, wala hatutaki ufe. Lakini mtani mwema hujua kicheko cha msibani na cha harusini, tena hutambua mwenzake anapoacha kucheka naye. Wasomaji wakumbuke kisa cha Nabii Elisha katika Kitabu cha pili cha Wafalme, jinsi vijana wa Betheli walivyomzomea kwa upara wake, na dubu wawili wakatoka mwituni. Sisi hatuwatishi watu kwa dubu wa Nachingwea. Twasema tu kwamba dhihaka hii ni ya kale, na kwamba tangu kale ilimchoma hata mtu wa Mungu.

Kumbe Maandiko yenyewe hayakuona aibu yo yote katika kichwa kilicho wazi. Kitabu cha Walawi, sura ya 13, humwagiza kuhani achunguze ngozi za watu kwa uangalifu mkubwa, naye akimkuta mtu aliyepotewa na nywele za utosini au za mbele, bila kidonda, ni lazima amtangaze kuwa safi. Na mapadre wa zamani walinyolewa utosi kwa makusudi walipoingia katika daraja la uklero, desturi iliyodumu mpaka Papa Paulo wa VI alipoiondoa mwaka 1972. Kichwa kile kile ambacho kijana wa leo hukifunika kwa kofia kilikuwa alama ya mtu aliyejitoa kwa Mungu.

Tena dhihaka na uzushi hukaa jirani. Mwezi wa Juni 2017, katika Msumbiji, nchi tunayopakana nayo kwa mto Ruvuma, polisi walitangaza kwamba wanaume wenye upara wameuawa wilayani Milange, mkoani Zambezia, kwa sababu watu wameaminishwa kwamba ndani ya vichwa vya namna hiyo mna dhahabu. Sisi ambao nchi yetu imelia kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino hatuna haki ya kusema kwamba mambo hayo ni ya mbali. Mtoto afundishwe nyumbani, mapema, kwamba kichwa cha mtu ni kichwa cha mtu tu.

Sasa upara ni nini? Ule uanzao mapanjani na utosini na kusonga polepole, pasipo maumivu wala magamba, si ugonjwa, wala hauletwi na kofia au na jicho la jirani. Mwaka 1942 mtaalamu wa Kimarekani, James Hamilton, alieleza kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawaoti upara. Toka hapo ikajulikana kwamba homoni ya kiume ina sehemu yake katika jambo hili. Mwilini homoni hiyo hugeuzwa kuwa nyingine yenye nguvu zaidi, iitwayo dihaidrotestosteroni, nayo kwa watu wenye urithi huo hudhoofisha mizizi ya nywele za mbele na za utosini. Kila unywele uotao huwa mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, mpaka hubaki malaika tu, yaani vinyweleo laini, si wale wa mbinguni. Nywele za kisogoni na za juu ya masikio kwa kawaida hazidhuriki.

Watu husema kwamba upara hutoka kwa mjomba. Kwa Wamwera na jirani zao, ambao kwao mjomba ana neno kubwa katika ndoa na mali, jambo hili lina utamu wake! Nalo lina ukweli nusu. Chembe moja ya urithi yenye nguvu katika habari hii imo katika kromosomu ambayo mwanamume huipata kwa mama yake, kwa hiyo kichwa cha mjomba ni ushahidi unaofaa kutazamwa. Lakini chembe nyingine nyingi hutoka pande zote mbili. Kijana atazame basi vichwa vya wajomba, na vya baba na babu pia, ndipo apate kukisia chake kitakavyokuwa atakapofika miaka 50.

Hata hivyo si kila nywele zidondokazo ni za upara huo. Mapunye huondoa nywele kwa mabaka yenye magamba. Kuna mabaka ya mviringo yajayo ghafla, ngozi ikiwa laini kabisa. Kaswende nayo huweza kunyofoa nywele huku na huku, na kijana akadhani ni urithi wa mjomba kumbe ni jambo la kutibiwa upesi. Yako pia maradhi ya ngozi yaachayo kovu na kuua mizizi moja kwa moja. Kwa hiyo safari ya kwanza ya kijana wa Matambarale si ya Istanbul. Ni ya hospitali iliyo karibu, iwe ya wilaya pale Ruangwa, iwe ya Nyangao au ya Ndanda, na kama haja ipo aombe barua ya kwenda kwa bingwa wa ngozi. Huko Moshi, katika KCMC, chuo cha kufundisha waganga wa ngozi kipo tangu mwaka 1992, nacho kimewafunza waganga wa nchi nyingi za Afrika. Safari hiyo ya hospitali ni ya gharama ndogo, nayo yaweza kumwokolea fedha yote ya ufuta.

Tuje katika upasuaji wenyewe. Daktari Mjapani, Shoji Okuda, aliandika habari za kupandikiza nywele mwaka 1939, lakini vita vikaja na dunia haikumsikia. Mwaka 1952, mjini New York, Norman Orentreich alihamisha vipande vya ngozi yenye nywele toka kisogoni hadi mbele, na mwaka 1959 alitangaza jambo kubwa aliloligundua: unywele uliohamishwa huendelea na tabia ya mahali ulikotoka. Wa kisogoni, hata ukipandwa kwenye paji la uso, huendelea kuota kama vile ungali kisogoni. Vipande vya siku zile vilikuwa vikubwa, na kichwa kilifanana na shamba la mahindi baada ya mavuno, mabua yamesimama hapa na pale. Siku hizi hutolewa mizizi midogo midogo, yenye unywele 1 hadi 4 kila mmoja, kichwa kikitiwa ganzi, na kazi huchukua saa nyingi. Nywele zilizopandwa hudondoka katika majuma ya kwanza, jambo linalowatia watu hofu bure, kisha huanza kuota tena baada ya miezi 3 au 4, na matokeo kamili huonekana baada ya mwaka mmoja hivi.

Basi, kazi hii yawezekana, tena ikifanywa na stadi huonekana nzuri. Lakini msomaji aangalie neno moja ambalo matangazo hulipitia upesi: hakuna nywele mpya zinazoumbwa. Zilizo kisogoni huhamishwa tu, na pale zilipotolewa haziti tena. Ghala ni moja, na haliongezwi.

Hapo ndipo umri unapokuwa jambo kubwa kuliko yote. Kwa mtu wa miaka 23 mpaka wa upara haujasimama. Akipandwa safu nzuri mbele leo, nywele zake za asili zilizo nyuma ya safu ile zitaendelea kuondoka, na afikapo miaka 35 yawezekana akawa na kisiwa cha nywele mbele, na nyuma yake uwanja mtupu, na ghala la kisogoni limekwisha kuchotwa. Ndiyo sababu madaktari waaminifu huwakatalia wengi walio chini ya miaka 25, au huwaambia wangoje kwanza. Akubaliye kupasua kijana wa miaka 20 siku ile ile aliyoingia mlangoni, huyo na atiliwe mashaka.

Watu wa Nachingwea, ambayo zamani ilikuwa wilaya moja na Ruangwa, wana mfano wao. Mwaka 1947 Waingereza walianza ule mpango mkubwa wa karanga, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa kabla udongo na mvua havijachunguzwa ipasavyo, fedha nyingi ikateketea, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Haukuvunjika kwa kuwa karanga ni zao baya. Ulivunjika kwa haraka.

Liko na neno la ngozi na nywele zetu sisi Waafrika. Unywele wetu haukujipinda juu tu. Hata chini ya ngozi mzizi wake umepinda kama ndoana. Daktari aliyezoea nywele zilizonyoka akiutoboa wima huukata, nao hufa mkononi mwake. Pia wengi wetu huota makovu manene yanayozidi kukua, kama yale yaonekanayo masikioni baada ya kutoga, na wanaume wengi hupata vipele sugu kisogoni kwa ajili ya kunyoa kwa wembe au kwa mashine. Mwenye alama hizo huweza kurudi nyumbani na upara ule ule, pamoja na kovu kisogoni ambalo hakwenda nalo. Kwa haki twaongeza kwamba nywele zilizojipinda zina neema yake: chache hufunika mahali pakubwa. Lakini mpasuaji aulizwe amewapasua Waafrika wangapi, na awaonyeshe picha zao za baada ya mwaka mzima, si za juma la pili.

Dawa zipo. Minoksidili hupakwa kichwani, na finasteridi humezwa, nazo kwa wengi huzuia au hupunguza upotevu kwa muda wote zinapotumika. Ukiziacha, upara hurudi katika njia yake. Finasteridi huweza kupunguza hamu ya ndoa na kuleta huzuni kwa baadhi ya wanaume, tena mwanamke mwenye mimba asishike vidonge vyake vilivyovunjika, kwa ajili ya mtoto wa kiume aliye tumboni. Isinunuliwe dukani bila daktari.

Je, ni dhambi? Papa Pius wa XII alilisema jambo hili tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano kabla ya kufa kwake, alipowapokea madaktari wa Kiitalia wa upasuaji wa kurekebisha umbo. Hakuulaani upasuaji wa namna hiyo. Alifundisha kwamba uzuri wa mwili ni jambo jema, ingawa si jema lililo kuu, na kwamba yafaa kutazama nia ya mtu, hatari kwa afya yake, na kama sababu yake ni nzito kadiri ya njia anayoitumia. Katekisimu ya mwaka 1992 nayo yaonya juu ya kuuabudu mwili. Basi mtu mzima mwenye fedha yake, aliyeshauriwa vema, akipandikiza nywele ili aondokewe na uchungu aliouvumilia kwa miaka, hatuoni kosa lake. Lakini akiuza mikorosho ambayo wadogo zake walitegemea kwa ada ya shule, hapo swali si la nywele tena.

Kuhusu uchumba tutasema machache. Kijana huogopa kwamba binti atamkataa. Huenda yupo binti wa namna hiyo. Na ni heri kumjua kabla ya kwenda kanisani kuliko baada yake.

Shauri letu kwa mjomba wake, kwa kuwa ndiye atakayeulizwa, ni hili: asimkatalie kijana, wala asimpe ruhusa bado. Ampeleke hospitali. Kisha kila Pasaka apigwe picha tatu za kichwa, mbele, juu na kisogoni, mahali pale pale penye mwanga ule ule, na picha hizo zitunzwe. Baada ya Pasaka tatu wazitandaze mezani na kuzilinganisha: mpaka umesimama, au ungali ukitembea? Kwa miaka hiyo atanyoa nywele fupi, kama wafanyavyo wanaume wengi wenye heshima, na matofali yatakuwa yamekwisha kukauka.