Dondoo Muhimu: Faili Kubwa Itume kwa Kiungo
Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, Migori, au wa Chuo Kikuu cha Tom Mboya, Homa Bay, anayemtumia msimamizi wake tasnifu yenye picha na ramani, asiiambatishe kwenye barua pepe. Aipakie kwenye hifadhi ya mtandaoni, kisha atume kiungo. Gmail hairuhusu viambatisho vinavyozidi megabaiti 25, na faili inaposafiri kwa barua pepe hugeuzwa kuwa herufi, ikaongezeka ukubwa kwa takriban theluthi moja. Ndiyo maana faili ya megabaiti 20 huweza kukataliwa na seva ya mpokeaji. Google Drive hutoa gigabaiti 15 bila malipo, nawe unapakia mara moja tu hata kama wasomaji ni wengi.

Wapo watakaosema kiungo humlazimu mpokeaji kutumia bando. Ni kweli, lakini kiambatisho nacho hula bando. Kiungo humwachia nafasi ya kupakua akifika penye Wi-Fi. Wengine huhofia siri kuvuja, na wana haki, kwani Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Basi ruhusu anwani ya mpokeaji pekee, na ufunge kiungo kazi ikiisha. Hati za kuskani zipunguze kwanza: nukta 200 kwa inchi, bila rangi, zinatosha kusomeka. Mtandao ukigoma kabisa, flashi iliyofungwa kwa nywila bado inafaa.