Lambo Moja, Wenyeji Wengi: Maswali Kuhusu Bwawa Dogo la Samaki na Wanyamapori

Dodoma, Singida na Shinyanga, na ng'ambo ya mpaka huko Kitui na Taita, tuta la udongo likikatiza korongo hugeuza mvua ya miezi michache kuwa maji ya kiangazi. Samaki hupandwa, na ndege hufika bila kuitwa. Maswali yanayoulizwa na wanaotaka kujenga yanafanana sana, na baadhi yake yangefaa kuulizwa kabla koleo la kwanza halijagusa ardhi.

Lambo litabeba maji kiasi gani, nayo yatadumu?

Kipimo cha awali hakihitaji mitambo. Upana wa maji kwenye tuta huzidishwa kwa umbali ambao maji yatarudi nyuma bondeni, kisha kwa kina kikubwa kabisa, halafu jibu hugawanywa kwa 6. Upana wa mita 60, urefu wa mita 150 na kina cha mita 4 hutoa takriban mita za ujazo 6,000.

Ni maji mengi, lakini hayakai. Katikati ya Tanzania jua na upepo huweza kunyonya takriban mita 2 za maji kwa mwaka. Kwa kuwa bonde hufinyika kuelekea chini, mita 2 za juu ndizo zinazobeba karibu akiba yote. Zikiondoka, hubaki kama mita za ujazo 750 tu, na hapo hakuna ng'ombe aliyekwisha kunywa. Kwa hiyo lambo pana lenye kina kifupi huwa limekauka kabla ya mvua mpya, na samaki wake wamekwisha.

Samaki gani wapandwe?

Perege na kambare ndio wanaofaa zaidi. Sato, perege wa mto Nile, hukua vizuri katika maji ya nyuzijoto 25 hadi 30. Shida yake ni uzazi: huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi michache, na jike hutunza mayai mdomoni, hivyo vifaranga wengi huishi. Punde si punde lambo hujaa samaki waliodumaa, wasiofaa hata kukaangwa. Dawa ni kambare wachache, wanaoingizwa baada ya perege kukua kiasi cha kutomezeka. Wao hula vifaranga wa ziada. Kambare pia huvuta hewa ya juu ya maji, kwa hiyo huvumilia tope la mwisho wa kiangazi ambalo perege hawaliwezi.

Hata hivyo, sato hafai kupelekwa kila mahali. Mafuriko humtoa lamboni hadi mtoni, naye huzaana na perege wa asili mpaka ukoo wao unachanganyika. Ngege wa Ziwa Victoria, aliyekuwa kitoweo kikuu cha mwambao huo, karibu atoweke ziwani baada ya sato na sangara kuletwa katika karne iliyopita. Leo amesalia katika maji madogo ya pembeni, kama ziwa Kanyaboli huko Siaya. Lambo la kijiji linaweza kuwa kimbilio la samaki kama huyo. Swali la kwanza kwa muuza vifaranga basi liwe: samaki hawa ni wa bonde gani?

Je, samaki na wanyamapori wanataka maji ya namna moja?

La. Samaki wanahitaji shimo lenye kina karibu na tuta, ilhali vyura, bata maji na korongo wanataka ukingo wa mteremko mdogo wenye matete. Mchoro mzuri huwapa wote: kina upande wa tuta, maji mafupi upande wa juu.

Kwa wanyama wakubwa, tahadhari inahitajika. Bwawa la Aruba lilijengwa mwaka 1952 kwenye mto Voi, ndani ya Tsavo Mashariki, na likawa kivutio cha tembo. Lakini ukame wa Tsavo wa 1970 na 1971 uliua tembo takriban 6,000, na wengi wao waliuawa na njaa kuliko kiu, kwa sababu hawakuweza kwenda mbali na maji wakati malisho ya karibu yalikuwa yamekwisha. Maji bila malisho hayamwokoi mnyama.

Nini huua lambo?

Kwanza ni maji kupita juu ya tuta. Utoro wa maji ya ziada uchimbwe pembeni, kwenye ardhi asilia, na tuta lipande karibu mita 1 juu ya kimo cha mafuriko. Chini yake uwepo mtaro uliojazwa mfinyanzi na kushindiliwa. Miti isipandwe tutani, maana mizizi ikioza huacha njia za maji, nyasi zinatosha. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua kubwa, bwawa la shamba huko Solai, Nakuru, lilipasuka na kuua watu zaidi ya 40. Kibali cha mamlaka ya maji na jicho la mhandisi ni uhai wa majirani walio chini ya tuta.

Pili ni tope. Mwaka 1972 watafiti walichapisha matokeo ya mabonde manne ya Dodoma: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Udongo uliosombwa kutoka mashamba na malisho ya juu ulikuwa unayajaza mabwawa haraka mno. Tuta likijengwa huku mlima wa juu ukiachwa uchi, fedha zimezikwa.

Na kichocho?

Konokono wanaokibeba hupenda maji mafupi yenye magugu, yaani ukingo uleule wa ndege. Basi ukingo wa watu utenganishwe: bomba lipite chini ya tuta hadi kwenye bomba la kuchotea na birika la mifugo, magugu yafyekwe hapo, na watoto wasiogelee. Ng'ombe wakizuiwa kuingia majini, tuta halikanyagwi, matete hukua na maji hayachafuliwi na kinyesi. Uzio wa miiba unatosha kuanzia, na mlango wake uwe na mtu wa kuulinda.