Kutoka Gatitu hadi Kiganjo: Ulinganishi wa Sauti za Kikuyu na Kiswahili

Utangulizi

Katika eneo lililo kati ya mji wa Nyeri na Kiganjo kuna majina matatu ambayo mwanafunzi wa isimu hapaswi kuyapita hivi hivi: Gatitu, Kagumo na Kiganjo. Gatitu lina kiambishi awali cha udogo pamoja na mzizi wa neno mũtitũ, yaani msitu. Kagumo lina kiambishi kile kile pamoja na mzizi wa mũgumo, mti mkubwa wa jamii ya mkuyu. Kiganjo nalo, kwa Kikuyu, ni mahali palipokuwa na boma, watu wakahama. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa jina hili la mwisho, kwani katika Kiswahili nacho limo neno ganjo, wingi maganjo, kwa maana ya mahame.

Swali linalozuka ni hili: ikiwa kiambishi cha Gatitu na cha Kagumo ni kimoja, kwa nini kiwe ga- katika jina la kwanza na ka- katika la pili? Makala haya yananuia kulijibu swali hilo, na kuonyesha kwamba jibu lake linamfaa mwalimu anayesahihisha Kiswahili cha wanafunzi wa Nyeri, Karatina na miji mingine iliyo karibu na Mlima Kenya.

Aina mbili za ulinganishi

Ikumbukwe kwamba lugha zaweza kulinganishwa kwa namna mbili. Kwanza, zaweza kulinganishwa lugha zisizo na nasaba. Mathalani, Kiburma ni cha jamii ya Kisino-Tibeti na Kinorwe ni cha jamii ya Kihindi-Kiulaya, lakini zote mbili hutumia kidatu cha sauti kutofautisha maneno. Katika Kinorwe cha mashariki, bønder (wakulima) na bønner (maharagwe) hutofautishwa na kidatu pekee. Mfanano huo ni wa sadfa. Haumaanishi kwamba Kiburma na Kinorwe viliwahi kuwa lugha moja.

Pili, zaweza kulinganishwa lugha za ukoo mmoja. Kikuyu na Kiswahili ni lugha za Kibantu. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Kikuyu ni E51 na Kiswahili ni G42. Hapa mfanano ni urithi, na hata tofauti huwa na utaratibu. Utaratibu huo ndio unaoshughulikiwa hapa chini.

Sheria ya Dahl

Katika Kikuyu, kiambishi chenye k hugeuka kuwa na g endapo silabi inayofuata inaanza kwa t, k, c au th. Kwa hiyo ka- ya udogo huwa ga- katika Gatitu kwa sababu ya t, lakini hubaki ka- katika Kagumo kwa kuwa g inayofuata ni ghuna. Ndivyo ilivyo kwa kĩ-: ilibaki katika Kiganjo na Kiambu, ikageuka katika Githunguri. Vitenzi navyo hufuata njia hiyo: kũrĩma (kulima) na kũgũra (kununua) vina k, ilhali gũtema (kukata) na gũcoka (kurudi) vina g.

Sheria hii ilipewa jina na Carl Meinhof mwaka 1903 kwa heshima ya Edmund Dahl, mmishonari aliyeigundua katika Kinyamwezi. Jina la lugha yenyewe ni mfano wake bora. Waswahili husema Kikuyu. Wenyewe husema Gĩkũyũ, kwa kuwa kiambishi kimetangulia k nyingine.

Jambo la kuzingatia ni hiyo th. Leo hutamkwa kama dh ya Kiswahili, yaani ni ghuna, na kwa hivyo haikutarajiwa kuigeuza k. Huigeuza kwa sababu asili yake ni sauti sighuna. Sheria imehifadhi kumbukumbu ya matamshi ambayo wasemaji wenyewe wameyaacha.

Kiswahili kilichukua njia nyingine

Kiswahili hakina Sheria ya Dahl, lakini kina mabadiliko yake. Katika Kibantu cha kale, k iliyotangulia irabu ya juu u iligeuka kuwa f katika Kiswahili. Hivyo Kikuyu kina maguta pale Kiswahili kina mafuta, na gũkua pale Kiswahili kina kufa. Vivyo hivyo, mbũri ya Kikuyu ni mbuzi ya Kiswahili. Mzizi -ntu nao ulileta mũndũ katika Kikuyu, ambamo t iliyofuata nazali iligeuka kuwa d. Katika Kiswahili nazali ya mzizi ilidondoka, likabaki neno mtu.

Aidha, Kikuyu kimehifadhi irabu saba (i, ĩ, e, a, o, u, ũ) ilhali Kiswahili kina tano. Kikuyu pia ni lugha ya toni, ingawa maandishi yake ya kawaida hayaonyeshi toni hizo. Kiswahili hutumia mkazo, ambao kwa kawaida huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo ukihama, barabara ya kupitia magari huwa barabara yenye maana ya sawasawa.

Haiyumkiniki, basi, kudai kwamba lugha moja kati ya hizi ni potofu na nyingine ni sahihi. Kila moja ilibadilika kwa kanuni zake.

Yanayomkabili mwalimu

Kikuyu hakina sauti l. Mwanafunzi huandika kurara badala ya kulala. Akishaonywa, huogopa r hata mahali pake, akaandika kuludi badala ya kurudi. Kosa hili si dogo, kwani hubadilisha maana: kalamu ikawa karamu, mahali pakawa mahari.

Isitoshe, b, d na g za Kikuyu hutamkwa kwa kuzibwa kabisa pale tu zinapotanguliwa na nazali. Bila nazali, g hukaribia gh ya Kiswahili. Ndiyo maana Kikuyu kilipoazima duka kilipata nduka, gari likawa ngari, na biashara ikaanza kwa mb. Hata Sheria ya Dahl iliyafikia maneno ya mkopo: kikombe ni gĩkombe, kiti ni gĩtĩ, kusoma ni gũthoma. Mwanafunzi anayesema “nduka” darasani hakutamka ovyo. Ametumia kanuni ya lugha yake ya kwanza mahali ambapo haitumiki.

Kiganjo kunaonyesha uzito wa jambo hili. Katika chuo cha mafunzo ya polisi kilichoko huko, makurutu kutoka pembe zote za Kenya hukutana, na kila mmoja huja na Kiswahili chenye athari za lugha ya kwao. Afisa aliyezaliwa Nyeri aweza kupangiwa kazi Lamu, akaandike maelezo ya shahidi. Hapo tofauti ya mahali na mahari si mzaha.

Njia inayopendekezwa ni rahisi. Mwalimu aandike ubaoni Gatitu, Kagumo, Githunguri na Kiganjo, awaache wanafunzi waigundue kanuni wenyewe. Kisha aweke kando kando gĩkombe na kikombe, nduka na duka, awaulize kila lugha inafanya nini. Mwisho awape jozi kama kula na kura, kalamu na karamu, wazitamke na kuzitungia sentensi. Wino mwekundu humwonyesha mwanafunzi mahali alipokosea. Ulinganishi humwonyesha sababu.

Hitimisho

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na papo hapo inaitaka serikali kuendeleza lugha za kienyeji. Majukumu haya mawili hayapingani. Mwanafunzi anayejua kwa nini Gatitu ina g na Kagumo ina k ameanza kusoma isimu kabla ya kufika chuo kikuu, na amefanya hivyo kwa lugha aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Anayeambiwa kwamba lugha hiyo ndiyo inayomharibia Kiswahili ataiacha, na huenda asikipate Kiswahili chenyewe. Hapo ndipo lugha ya kwao itakapokuwa ganjo.